Waliorudia operesheni ya ACL (ligamenti ya katikati ya goti) goti lile lile, tupeane uzoefu

Goti_la_Kushoto: Wakuu, leo jioni nimepita uwanjani kwenye bonanza, kuna dogo kageuka na mpira, mwili ukaenda, goti likabaki. Ule mlio nimeusikia nikiwa barabarani, nikajikuta nimeshika goti langu mwenyewe. Wenye makovu mawili kwenye goti moja tukutane hapa.

Naanza. Ya kwanza 2019, ligamenti mpya ikatengenezwa kwa kano yangu ya nyuma ya paja. Nikarudi ndondo baada ya miezi 6, goti likachomoka tena bila hata kuguswa na mtu. Ya pili ndiyo iliyonitoa machozi. Nimeingia tieta nikijua natoka na ligamenti mpya. Sindano ya mgongo imekolea, kuanzia kiunoni sijijui, ila masikio mazima. Nasikia daktari anamwambia mwenzake tundu la zamani la kupitishia ligamenti limepanuka mno, skrubu haitashika. Kimya. Mara nyundo, ko ko ko, upande wa nyonga! Nikawaza hawa jamani si wamekosea mahali? Kumbe wanachukua mfupa wa nyonga wakajazie matundu ya goti. Narudishwa wodini mama mkubwa ananiuliza, "Imekwisha?" Nikamwambia ndiyo kwanza imeanza. Kamba yenyewe nimekuja kuwekewa miezi 5 baadaye, mfupa ulipokwisha kushika. Na fomu nilisaini, humo humo imeandikwa "huenda ikawa awamu mbili". Sikusoma.

Mama_Kiwi: Nyonga inauma kuliko goti. Aliyepita huko anajua.

Fundi_Gereji: Miezi 6 tu, ndondo? Ulijitakia, mkuu. Si chini ya miezi 9, na ukirudia ni mwaka.

Goti_la_Kushoto: Sawa daktari wa gereji.

Mzee_wa_Pwani: Vijana mnakimbilia visu. Kuna mzee yupo Mkuranga anakanda, mimi alinikanda siku saba, natembea mpaka leo.

Fundi_Gereji: Kutembea unatembea. Kata kona tuone.

Mzee_wa_Pwani: Adabu, kijana. Nilikuwa nacheza beki wewe hujazaliwa.

Nuru_wa_Ughaibuni: Nacheka peke yangu kazini. Mimi netiboli iliniponza Morogoro, nikafanyiwa nyumbani, kano za nyuma ya paja. Ikakatika nikiwa nimeshahamia Marekani, nateleza kwenye barafu nikitoa takataka. Daktari wa huku akasema achukue kano ya mbele, ile ya chini ya pia ya goti pamoja na vipande vya mfupa, inashika vizuri. Nikamuuliza kupiga magoti je? Akasema wengi huwauma. Nikamwambia baba, mimi naswali mara tano. Basi akaniwekea kano ya mtu aliyefariki.

Mama_Kiwi: YA MAITI???

Chapa_Mguu: Dada usiku haliamki likaenda lenyewe?

Nuru_wa_Ughaibuni: Lina tabia nzuri kuliko langu.

Mzee_wa_Pwani: Na hiyo swala inasihi kweli?

Nuru_wa_Ughaibuni: Nilimuuliza shehe kabla ya kusaini, mzee wangu. Uliza wako.

Chapa_Mguu: Marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke? Timu gani?

Daktari_Mtarajiwa: Jamani turudi kwenye mada. Kano za marehemu kwa kijana anayerudi uwanjani hukatika zaidi kuliko kano zake mwenyewe. Dada Nuru hachezi tena, sawa. Wewe wa ndondo, hapana.

Chapa_Mguu: Hujajibu timu gani.

Kabari: Mnabishania kamba, muulizeni daktari ya kwanza ilikatika KWA NINI. Yangu imekatika mara mbili. Aliyenifanyia mwanzo alitoboa tundu la mfupa wa paja mbele mno, ligamenti ikakaa wima kama mlingoti. Wa pili akarekebisha tundu, ikakatika tena. Wa tatu ndiye aliyepiga picha ya muundi mzima kwa ubavuni, akakuta juu umeinama kwa nyuma digrii 14. Paja linateleza kila nikikanyaga, kamba gani itastahimili? Akakata kabari ya mfupa kwa mbele, akaweka pleti, ndipo akafunga kano ya mbele ya paja, na mkanda mwingine nje ya goti kwa utando wa ubavuni mwa paja ili lisizunguke. Kovu langu ni ramani ya reli ya kati.

Fundi_Gereji: Digrii 14 hata gari linahitaji alaimenti.

Mama_Kiwi: Mwanangu karudia mara moja, kakata tamaa kabisa.

Chapa_Mguu: Mwambie habari za Giuseppe Rossi, yule mshambuliaji wa Italia, mama. Kaumia Villarreal ikicheza na Real Madrid Oktoba 2011, goti lile lile tena Aprili 2012. Oktoba 2013 yuko Fiorentina, kawapiga Juventus tatu peke yake.

Fundi_Gereji: Akaumia tena.

Chapa_Mguu: Wewe ndugu nani kakuudhi?

Daktari_Mtarajiwa: Mleta mada, huyo dogo wa leo yuko wapi? Asikanyagie, awekewe barafu, apigwe picha ya MRI.

Goti_la_Kushoto: Nimempigia kaka yake sasa hivi. Wako njiani Mkuranga.