Jenereta ya wati 2,000 inashindwa kuwasha kiyoyozi cha trela letu: naomba ushauri

Mgeni wa Jangwani: Wakuu, salamu kwenu. Ninaishi Arizona, Marekani, na nimenunua trela la kulala lililokwishatumika, lenye kiyoyozi cha BTU 13,500 juu ya paa. Jana mchana, tukiwa Flagstaff, feni ilizunguka vizuri, lakini kompresa ilipotaka kuingia ilikoroma mara moja, taa nyekundu ikawaka kwenye jenereta na umeme ukakatika huku injini ikiendelea kunguruma. Mama yangu amekuja kutoka Tanga, na Ijumaa tunashuka naye Phoenix, bondeni kwenye joto kali. Nifanyeje?

Fundi Koleo: Mkuu, hizo wati 2,000 ni za kuwashia tu, za kufanyia kazi mfululizo ni kama 1,600. Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishachanganya, na Flagstaff iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hupoteza takriban robo ya nguvu zake. Funga softi-stata, yaani kifaa kinachoifanya kompresa ianze polepole bila kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo, hamishia friji kwenye gesi, kisha ujaribu Phoenix. Jenereta unaiweka wapi?

Mama Pacha: Wakati wa mgawo wa umeme wa 2006 nililala barazani na wanangu, mkeka na chandarua, wala hatukufa. Mtu wa Tanga mnamtishia joto?

Mgeni wa Jangwani: Ahsanteni. Softi-stata nimekwishaagiza.

Fundi Koleo: Swali langu hujalijibu.

Mgeni wa Jangwani: Iko kwenye sanduku la mizigo la nyuma, chini ya kitanda cha mama, kwa kuhofia wezi. Nimekwisha kutoboa tundu la ekzosi na kuziba kingo kwa silikoni. Fedha imetumika, sioni sababu ya kuanza upya.

Mzee wa Hoja: Tunatungiwa hadithi hapa. Usiku wa Flagstaff, hata Julai, hushuka hadi nyuzi 10. Kiyoyozi cha nini? Na nani humlaza mama yake juu ya jenereta?

Kichwa Ngumu: Labda ni mama mkwe.

Mgeni wa Jangwani: Niliandika mchana, Mzee wangu, trela likiwa juani. Picha ya tundu hii hapa. Kanga inayoonekana pembeni ni ya mama.

Fundi Koleo: Iwe kweli au ya kutunga, tundu hilo liko chini ya dirisha. Kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala haamki. Itoe jenereta nje, mita 6 au zaidi, ekzosi ielekee mbali na trela, na uifunge kwa mnyororo. King'ora cha gesi hiyo kipo?

Mgeni wa Jangwani: Kipo, kilikuja na trela. Waya wa mita 8 hautapunguza umeme?

Fundi Koleo: Hautapunguza kitu ukiwa mnene, geji 10. Kibonyeze king'ora.

Mgeni wa Jangwani: Nimekibonyeza. Hakilii.