Carina Ti inakula oili: nifumue injini, ninunue ya mtumba au niuze?

Mgogo wa Ipagala
Wakuu, habari za majukumu. Nina Toyota Carina Ti ya kutembelea kila siku: kazini, kuwapeleka watoto shule, mwisho wa wiki shambani Kongwa. Sasa imeanza kula oili. Fundi wangu hapa Dodoma anasema tufumue injini, tubadili ringi za pistoni na sili za valvu, pamoja na ufundi ananipigia milioni 1 na laki 2. Rafiki yangu wa Dar anasema nisihangaike, Gerezani kuna injini za mtumba kutoka Japani, laki 9 unafunga unaondoka. Shemeji yeye anasema niuze kama ilivyo, niongeze hela nichukue Toyota IST. Gari naipenda, bodi haina kutu. Naomba ushauri wa waliopitia, mwisho wa mwezi lazima niamue.

Spana 14
Mkuu, bado hujatuambia kitu. Ti zipo za injini ya 5A na za injini ya 7A, yako ni ipi? Inakula oili kiasi gani, na kwa mwendo gani? Moshi unatoka saa ngapi, ukiwasha asubuhi au ukikanyaga mafuta? Imewahi kuchemsha? Kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda, imepimwa? Usipojibu hayo kila mtu atakushauri kuhusu gari yake.

Kijana wa Mbagala
Uza. Shemeji yako kasema kweli. IST spea zipo kila kona, injini yake ya 1NZ inatumia cheni, mambo ya mkanda wa taimingi unayasahau. Ti imeshamaliza kazi yake.

Mama Rav4
Mdogo wangu wa Mbagala, IST ya kwanza ilianza 2002 ikaisha 2007. Hiyo unayomwambia ni kijana nayo ina umri wake. Akiagiza mwenyewe anakutana na tozo ya uchakavu, asilimia 30 kwa gari iliyozidi miaka 10, juu ya ushuru mwingine wote. Akinunua ya mkononi ananunua ugonjwa wa mtu asiyemjua. Wa Ti yake anaujua, na mmiliki anayejua ugonjwa wa gari yake ameshavuka nusu ya safari. Mimi Rav4 yangu ya milango mitatu naitunza hivyo hivyo, na kazini nafika kabla ya wenye magari mapya.

Baba Tunu
Ngoja nikueleze habari ya injini za mtumba kabla hujatuma hela Dar.

Nina Corolla 110, nabeba abiria, ndiyo inayotulisha nyumbani. Injini ilipochoka nikaenda Gerezani, duka moja injini zimepangwa mpaka karibu na dari. Nikaonyeshwa 5A imeoshwa inang'aa, muuzaji anasema imetembea kilomita elfu 60 tu. Wakuu, injini ikishatolewa kwenye gari haina kilomita. Kilomita zimebaki kwenye dashibodi huko ilikotoka, anayekutajia anakuuzia maneno. Nikaomba tupime kompresheni pale pale. Akasema hapo hawapimi, ila garantii ni wiki moja. Fundi wangu akafungua kifuniko cha oili, akachungulia, akakuta pasafi. Tukalipa.

Kufunga tu, soketi haziingiani. Kumbe ni 5A ya kizazi cha nyuma, cha Corolla AE100: manifoldi ya hewa tofauti, sensa zimekaa kwingine. Ikabidi tuhamishe manifoldi ya injini yangu, na hapo kuna gasketi mpya na ufundi wa ziada. Ikawaka. Ikiwa baridi imetulia, ikipata moto inatetemeka. Kupima, silinda ya tatu iko chini mno kuliko wenzake. Tukashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tukakuta tope jeusi zito. Walikuwa wameosha juu, pale mteja anapotazama.

Nikarudi dukani wiki haijaisha. Swali la kwanza aliloniuliza: "Manifoldi mmeifungua?" Nikasema ndiyo, isingewezekana kuifunga bila hivyo. Akasema basi garantii haipo tena. Tukabishana mpaka jirani yake wa duka la pili akaja kuamua. Mwisho akakubali kunibadilishia kwa kuongeza laki mbili na nusu. Hiyo ya pili ndiyo ninayo mpaka leo, haina tatizo, inapanda na kushuka na abiria kila siku. Lakini ufundi nimelipa mara mbili, na muda wote huo gari haikuingiza hata senti.

Halafu kuna suala la kadi, watu hawalisemi. Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini unatakiwa kupeleka taarifa TRA na risiti yako, gari ikaguliwe, kadi irekebishwe. Duka lisilotoa risiti achana nalo, maana siku ya kuuza mnunuzi makini atafunua boneti asome namba, na zisipofanana biashara imekufa.

Mgogo wa Ipagala
Asanteni sana. Spana 14, majibu haya hapa: modeli ni AT212, injini 5A, ya mwaka 1999. Kila nikijaza tangi mara mbili naongeza kama lita moja ya oili. Moshi wa bluu unatoka asubuhi nikiwasha, dakika moja unakata. Barabarani sijauona. Kuchemsha, ndiyo, iliwahi kuchemsha mlima Kitonga, tulikuwa tunatoka Morogoro kwenda msibani Iringa tumejaza gari. Fundi wa njiani akatoa themostati, ile valvu ya maji ya kupozea injini, tangu hapo haijachemsha tena. Kompresheni haijapimwa, fundi wangu hana kipimo.

Spana 14
Sasa tunaongea. Fundi anayetaka kufumua injini bila kupima kompresheni anabahatisha kwa hela yako.

Moshi wa asubuhi unaokata ni dalili ya sili za valvu: usiku oili inachuruzika kupitia valvu, asubuhi inaungua. Ringi zikichoka moshi unauona ukikanyaga, hasa mlimani. Lakini lita moja kwa matangi mawili ni nyingi, kwa hiyo usihukumu kwa macho. Tafuta mwenye geji ya kompresheni. Injini ipate moto, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata. Injini hizi za A nzima inacheza kwenye 190 psi, ikishuka chini ya 142 imechoka, na silinda zisiachane kwa zaidi ya 14. Iliyo chini itilie kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi, na kwa gari iliyochemsha Kitonga hilo la hedi usilidharau.

Ikiwa ni sili tu, hedi haishuki. Fundi anayejua anaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, valvu zinabaki juu, anabadili sili moja moja. Gharama yake haifiki popote karibu na hiyo milioni 1 na laki 2. Na kabla ya yote toa kivalvu cha PCV, kile kinachoipumulisha injini. Kikiziba, presha inaisukuma oili kila mahali. Ukikitikisa hakilii, badilisha.

Fundi wa Zamani
Naongezea, maana hapa mwenzetu katoa siri ya ugonjwa bila kujua. Rudisha hiyo themostati! Nimefanya kazi hii tangu enzi za Datsun na kitu kinachoniumiza ni huu mtindo wa kutoa themostati kila gari ikichemsha. Ile ya 5A inafunguka kwenye nyuzi 82. Usipokuwa nayo, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na injini haipati joto lake. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inazidisha petroli. Petroli inaosha kuta za silinda, unyevu hautoki kwenye oili, oili inageuka tope, tope linashika ringi ya oili. Ringi ikikwama, oili inaliwa. Safari zako za Dodoma mjini ni fupi, ndiyo kabisa injini haipati moto.

Kijana wa Mbagala
Fundi, kwa heshima, nchi yetu ina joto. Themostati ni kitu cha nchi za theluji. Mzee wangu Corona yake haina themostati na inakimbia.

Fundi wa Zamani
Mwanangu, joto la nje la nyuzi 33 na joto la injini la 82 wapi na wapi? Dodoma asubuhi ya mwezi wa saba ni baridi hasa. Gari ikichemsha tafuta kilichoichemsha: rejeta imeziba, feni haiwaki, kifuniko cha rejeta hakishiki presha, au hedi imepinda. Ukitoa themostati umeficha dalili, ugonjwa upo pale pale. Na kama unajaza maji ya bomba, yaache. Weka kulanti, maji ya bomba yanakula njia za hedi kwa kutu.

Msafiri wa Thika Road
Salamu kutoka Nairobi. Mimi nina Carina My Road, dada ya hiyo Ti. Huku Kenya gari likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, kwa hivyo hizi tulizo nazo ziliingia kitambo na zinazidi kupungua. Hata injini za mtumba pale Kirinyaga Road si kama zamani, unaambiwa ni ya Japani kumbe imetoka kwenye gari la hapa lililopata ajali. Ndiyo maana naunga mkono kufungua injini yako mwenyewe, mradi block ni nzuri. Ringi na beringi za 5A zinapatikana bila shida, Wachina pia waliitengeneza injini hii kule Tianjin. Makanika wangu hukataa ringi zisizojulikana kabisa, husema bora ungoje uagize za Kijapani.

Na oili, tafadhali, acheni 20W-50 kwa kila gari.

Kijana wa Mbagala
20W-50 ndiyo inapunguza kula oili, kila mtu anajua.

Msafiri wa Thika Road
Inapunguza kwa muda kwa sababu ni nzito. Asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kemshafti. Mimi natumia 10W-30 na nabadilisha mapema.

Mama Rav4
Kaka wa Nairobi, shida yetu si namba tu, kuna oili feki kwenye madumu halali. Mimi nikimwaga oili dumu nalitoboa kabla ya kulitupa. Filta nayo nainunua kwa namba: nampa muuzaji namba ya chesisi ya gari, anatafuta namba ya Toyota, tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine za tarakimu au herufi. Asiyetaka kuangalia namba anakupa kinachofanana. Sisi wa mikoani tunatumiwa kwa basi, kurudisha spea isiyoingia ni nauli nyingine.

Baba Tunu
Hapo kwenye namba ya chesisi nakazia. Kibati kipo chini ya boneti, kipige picha, kaa nacho kwenye simu.

Mgogo wa Ipagala
Nimewasoma wote. Nimepata fundi mwenye geji pale Majengo, Jumamosi tunapima, majibu nitaleta hapa hapa. Themostati nimeagiza Dar. Shemeji bado anapiga simu kuhusu IST, kuna mtu anauza Area C.

Spana 14
Kabla ya IST, pima. Ukishajua namba za silinda zote nne, hata ukiamua kuuza utajua unauza nini.

Mpita Njia Singida
Samahani wadau kuingilia. Mimi nina Ti kama ya mleta uzi, injini haina shida, ila taa ya nyuma kulia imepasuka. Dar wananiuzia jozi tu, hawataki kutoa moja. Kuna mwenye ya kulia peke yake?

Baba Tunu
Yako ni ya kabla ya kubadilishwa sura au ya baada? Taa haziingiliani. Weka picha.

Mpita Njia Singida
Ya baada. Napiga picha asubuhi, saa hizi giza.