Claude Rains: kwa nini hakupata Oscar hata moja?

MpendaFilamu
Ndugu zangu, nimetazama tena Casablanca ya mwaka 1942, na macho yangu yakawa kwa Kapteni Renault, mkuu wa polisi anayeigizwa na Claude Rains, kuliko kwa steringi mwenyewe, Humphrey Bogart. Pale anapofunga kasino akidai kushangazwa na kamari, huku akikabidhiwa pesa alizoshinda, anapokea na kushukuru bila kupepesa jicho. Rains aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi mara 4 na akatoka mikono mitupu. Alipungukiwa na nini?

Mzee wa Projekta
Hakupungukiwa na kitu. Tazama aliokutana nao. Kwa Mr. Smith Goes to Washington (1939) alishindwa na Thomas Mitchell, ambaye naye alicheza katika filamu hiyohiyo lakini akatuzwa kwa Stagecoach. Kwa Notorious (1946) tuzo ilikwenda kwa Harold Russell, askari aliyepoteza mikono yote miwili na ambaye hata hakuwa mwigizaji kitaaluma. Vita vikiwa vimeisha juzijuzi tu, nani angefua dafu mbele yake?

Binti Tamthilia
Naomba tusisahau sauti. Rains, mzaliwa wa London wa mwaka 1889, alianza utotoni kwa kazi ndogondogo za nyuma ya pazia, na baadaye akafundisha uigizaji, John Gielgud, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza, akiwa miongoni mwa wanafunzi wake. Ndiyo maana The Invisible Man (1933), yaani Mtu Asiyeonekana, filamu yake ya kwanza Hollywood, ilimkaa sawasawa: uso umefungwa bandeji au haupo kabisa hadi mwishoni kabisa, kwa hiyo mhusika mzima anabebwa na sauti. Wenzake waliingia Hollywood kwa sura, yeye aliingia bila sura!

MpendaFilamu
Basi mbona hawakumfanya steringi?

Mzee wa Projekta
Alifika akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, tena mfupi. Katika Notorious ilibidi ainuliwe ili alingane na Ingrid Bergman, aliyecheza kama mke wake, ingawa kwa maoni yangu ufupi ule ulimfaa mume anayetawaliwa na mama yake. Itazame sehemu ya mwisho, anapopanda ngazi kurudi ndani kwa Wanazi wenzake ambao sasa wanamshuku, ametupa mgongo, na bado unaisoma hofu yake.

Binti Tamthilia
Na jukwaani alituzwa: Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani ya Marekani, ya mwaka 1951, kwa tamthilia ya Darkness at Noon.