Khanga za sare ya harusi: za hapa nchini au za India?

BintiUbungo: Wanajamvi, mdogo wangu anaolewa, kamati imenitwisha khanga za sare. Kariakoo za India zinang'aa balaa. Za hapa nchini rangi imepoa kidogo na kila doti imezidi ya India kwa elfu mbili. Mama anataka za kwetu. Nichukue zipi?

MchuuziKkoo: Doti ngapi? Bajeti? Harusi lini? Mnashona au mnajifunga? Utasaidiwaje sasa?

FundiCherehani: Achana na ilikotoka, angalia uzi. Chomoa mmoja pembeni, uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua, jivu lake laini. Poliesta huyeyuka ikaganda kijidonge kigumu. Hiyo ya pili usiinunue hata wakupe bure, haifyonzi jasho.

MamaTumaini: Usinikumbushe! Send-off ya binti wa dada yangu tulichukua za nje, nyekundu na nyeusi, muuzaji akaapa hazichuji. Joto la Dar mnalijua. Saa kumi tu blauzi nyeupe zote zina michirizi ya waridi makwapani. Mashangazi wakamkumbatia bibi harusi, gauni la krimu likabaki na alama za mikono. Tena jina, yale maneno ya khanga, limepinda, pindo la chini limekatwa nusu. Kurudi dukani tukaambiwa tulitumia sabuni kali. Sabuni ipi, na hazijafuliwa hata mara moja?

Mzalendo77: Ndiyo maana nasema nunua za kwetu. Pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, nyingi inapakiwa melini ikiwa marobota, halafu tunauziwa nguo. Viwanda vyetu vya nguo, Mwatex, Mutex, Kiltex, vilidorora tunaangalia.

KobeMzee: Urafiki yenyewe, kiwanda cha nguo cha Dar, ilijengwa kwa msaada wa China, ikafunguliwa 1968, na miaka ya 1990 Wachina wakachukua asilimia 51. Na hizo khanga bibi zetu walivaa zilizochapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Viwanda vya huku vimekuja baadaye.

Mzalendo77: Kwa hiyo vife tu?

KobeMzee: Nani kasema? Nimekataa hadithi ya kwamba zamani kila kitu kilikuwa chetu.

LesoYaMvita: Sisi Mombasa twanunua leso, ndizo khanga, za Dar na za India, twatazama jina kwanza. Leso nzuri yenye jina baya utampa nani? Kiwanda cha Kicomi, Kisumu, kilifungwa kitambo. Kile cha Rivatex, Eldoret, kilifufuliwa, lakini leso zake mie sijaziona sokoni.

MchuuziKkoo: Mzalendo77, hiyo jinzi uliyovaa imeshonwa Mwanza au umeiokota kwenye belo la mtumba?

Mzalendo77: Mitumba ni mada nyingine.

MchuuziKkoo: Mada ileile. Hakuna kiwanda kinachoshindana na shati la buku mbili.

MamaTumaini: Shati la buku mbili wapi? Soko la Karume siku hizi hulipati.

BintiUbungo: Samahani, nilikuwa kikaoni. Ni doti 60, wengi watajifunga. Ila shangazi amegoma, anataka vitenge.

FundiCherehani: Vitenge? Anzisha uzi mwingine, na safari hii njoo na bajeti.