Kumtembeza mama kisiwani Likoma: tubaki Likoma pekee, tuongeze Chizumulu au tuvuke hadi Cobue?

Mwana wa Kiwira (mwanzisha mada)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, na kwa sasa ninajitolea kufundisha sayansi katika shule moja kisiwani Likoma, kwenye Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Mama yangu, mwalimu mstaafu ambaye bado anatembea vizuri kwenye njia tambarare lakini hupata shida na ngazi na miteremko, ameazimia kuja kuniona. Anasema kila akiniombea hushindwa kupata picha ya mahali nilipo, na mimi sitaki arudi Tukuyu akiwa amechoka bila kuipata picha hiyo.

Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza ni kubaki Likoma siku zote, kwa kuwa kisiwa kina kilomita za mraba zipatazo 18 tu na tunaweza kukizunguka polepole. Ya pili ni kugawa siku zake na kumpeleka Chizumulu, kisiwa kidogo zaidi kilicho upande wa magharibi. Ya tatu ni kuvuka kwa kutwa moja hadi Cobue, Msumbiji, kwa sababu Likoma, ingawa ni ya Malawi, iko karibu sana na ufuko wa Msumbiji. Naomba mliofika huku mnilinganishie, mkimfikiria yeye kuliko mimi.

Mpita Kasumulu

Mdogo wangu, kabla ya kulinganisha visiwa linganisha kwanza namna ya kufika, kwa sababu kwa mtu wa umri wa mama hilo ndilo litakaloamua mengine yote. Barabara haina shida kubwa: atateremka kutoka Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, atavuka Mto Songwe, kisha ataifuata njia ya Karonga na Mzuzu hadi Nkhata Bay. Mpaka Karonga hatahitaji mkalimani, kwa kuwa Wangonde wa huko na Wanyakyusa wanaelewana. Mwombe alale Mzuzu, asiunganishe safari yote kwa siku moja.

Shida iko majini. Meli ya Ilala, ambayo imekuwa ikilitumikia ziwa hili tangu 1951, kwa miaka mingi imekuwa ikitia nanga mbali kidogo na ufuko wa Likoma, na abiria huteremka hadi kwenye boti ndogo zinazowafikisha nchi kavu, wakati mwingine usiku, pamoja na magunia, kuku na ndoo. Mama anaweza kushuka hivyo akiwa ameshikwa na vijana wawili wenye subira. Ukimpeleka Chizumulu, unamwongezea kupanda na kushuka kwingine, tena kwenye mashua, na upepo wa mwera ukivuma, hasa kati ya Mei na Agosti, mkondo ule kati ya visiwa viwili huchafuka kiasi cha kuwatia hofu hata waliouzoea. Ndege ndogo za kutoka Lilongwe zipo, lakini kwa mtu wa Mbeya huko ni kuzunguka mbali, na nauli yake haifanani hata kidogo na ya meli. Mimi nachagua Likoma pekee.

Binti wa Milo

Nakubaliana na uamuzi huo, ila sababu yangu ni nyingine. Sisi Waanglikana wa Ludewa na Njombe tunaihesabu Likoma kuwa sehemu ya historia yetu. Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, walifanya makao yao hapo katika miaka ya 1880, na kutoka hapo walizunguka pande zote za ziwa kwa meli, wakafika hata Manda na Liuli kwenye ufuko wetu. William Percival Johnson, mmisionari mmoja wao aliyelizunguka ziwa hilo kwa miongo kadhaa, alifariki mwaka 1928 na kaburi lake liko Liuli. Dayosisi yetu ya South West Tanganyika ilimegwa kutoka ile ya Nyasaland mwaka 1952. Hata swali la kwa nini kisiwa kilicho mlangoni mwa Msumbiji kilibaki chini ya Malawi linajibiwa na misheni hiyo: Waingereza walikuwa wamekwisha kujikita pale kabla mipaka haijakazwa.

Kwa hiyo, Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro lisiwe mahali pa kupitia kwa nusu saa na kupiga picha. Lilianza kujengwa mwaka 1903 na likakamilika 1911, kwa mawe, na urefu wake unakaribia mita 100. Mtu anayelikuta kwenye kisiwa kidogo namna hiyo, ambako kila kitu kisichopatikana kisiwani huletwa kwa maji, lazima ajiulize ni mikono ya watu wangapi iliyobeba mawe yale. Inasimuliwa kwamba altare imewekwa mahali ambapo zamani walichomwa moto watu waliotuhumiwa kwa uchawi. Mwalimu mstaafu atataka kulijua hilo na kuliuliza zaidi, naye atapata wazee wa kumjibu. Mpeleke mara mbili: siku ya kazi, jengo likiwa tupu, akae kwenye benchi atazame vioo vya rangi, kisha Jumapili, likiwa limejaa watu na nyimbo. Ukimgawia siku Chizumulu na Cobue, moja kati ya hizo mbili itapotea.

Mzee wa Uyole

Marahaba, mwanangu. Mimi sikubali Chizumulu ifutwe haraka hivyo. Nilifika huko wakati nikifanya biashara ya samaki, na mpaka leo ninakikumbuka kisiwa kile kwa utulivu wake, kwa miembe mikubwa yenye kivuli kinachotosha kijiji kukaa, na kwa wavuvi wanaoanika usipa, dagaa wa ziwani, huku wakizungumza na mgeni bila haraka yoyote. Mama aliyefundisha maisha yake yote huenda akafurahia zaidi kukaa chini ya mwembe na kina mama wenzake kuliko kuongozwa kutoka jengo moja hadi jingine. Kama mtakwenda, nendeni asubuhi mapema, katika miezi ya Septemba hadi Novemba ambapo upepo hupungua, kwa boti ya injini yenye maboya ya kuvaa, na msikubali kamwe kupakiwa kwenye chombo kilichojaa kupita kiasi.

Cobue nakataa. Pasipoti itahitaji mhuri wa kutoka Malawi na wa kuingia Msumbiji, kisha mihuri mingine jioni, na mama atakuwa amevuka mpaka wa nchi mbili kwa ajili ya saa chache za jua kali.

Muuguzi wa Tukuyu

Niongeze la afya, ambalo linahusu njia zote tatu. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, wakati uso wa ziwa uko kwenye mita zipatazo 474 tu, na mtu aliyezoea baridi yetu hana kinga ya malaria kama waliokulia ufukoni. Aonane na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka, alale ndani ya chandarua kila usiku, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Kichocho nacho kipo ziwani, hivyo asioge wala kusimama kwenye maji yaliyotulia karibu na matete. Likoma ina hospitali. Kwangu hiyo inatosha kuipa nafasi ya kwanza.

Mwana wa Kiwira

Asanteni sana, na kwa mzee wa Uyole nasema shikamoo tena. Maneno yake kuhusu kukaa na kina mama yamenigusa, nami nadhani yanaweza kutimizwa hapahapa Likoma. Ninapopanga kuna mama mwenye nyumba ambaye hunihesabu kuwa mwanawe, naye amekwisha kuniuliza mara nyingi mama yangu ni mtu wa namna gani. Watakutana wakimenya muhogo, kwa sababu udongo wa hapa ni mkavu na wenye mchanga, na nsima ya muhogo, yaani ugali wake, ndiyo chakula cha kila siku. Mama, ambaye amezungukwa na migomba na mvua tangu kuzaliwa, ataona pia mibuyu mikubwa ambayo kwetu Rungwe haipo. Shuleni nataka akae nyuma ya darasa asikilize kipindi kimoja kizima. Najua atanisahihisha jioni, na nahitaji kusahihishwa naye.

Ameuliza alete zawadi gani. Nimemwambia majani ya chai ya Rungwe na mchele wa Kyela, basi.

Mpita Kasumulu

Zawadi hizo zinafaa, ila mchele uwe kwenye mifuko midogo inayoshikika kwa mkono mmoja, ili mkono mwingine ubaki huru wakati wa kuingia kwenye boti. Jambo jingine ni kwamba mama atapanda meli Nkhata Bay ikiwa inaelekea kusini, na atarudi nayo ikielekea kaskazini, kwa hiyo ni ratiba ya meli itakayopanga siku zake, nayo hubadilika. Mwekeeni siku ya akiba na fedha ya kulala Nkhata Bay. Katika safari zote mbili meli hupitia Chizumulu, kwa hiyo, mwanga ukiruhusu, atakiona kisiwa hicho kutoka sitahani bila kushuka.

Mzee wa Uyole

Hilo nimelikubali. Akalishwe upande unaotazama kisiwa.

Mwana wa Kiwira

Basi tumepatana: Likoma pekee, mwishoni mwa Septemba, mwera ukiwa umepungua. Kaka yangu atamsindikiza hadi Nkhata Bay, nami nitatangulia kufika huko ili nipande meli pamoja naye na niwe wa kwanza kushuka kwenye boti, nimpokee. Kesho nitaomba ruhusa kwa mkuu wa shule.