Tupeane uzoefu: paterni ya kroshia ya lugha usiyoijua ilikufanya nini?

Mama_Mwanga: Mwakeye wakuu. Jana napanga kabati nikaiona paterni, yaani karatasi ya maelekezo ya kufuma, imekunjwa mara nne, ya Kijerumani, aliniachia mama mmoja mgeni aliyewahi kuishi jirani yetu hapa Mwanga, Kigoma. Kitambaa cha meza cha duara, kizuri mpaka unatamani ukile. Nilihangaika nacho mwezi mzima. Simu ilinitafsiria Stäbchen kuwa "vijiti vidogo". Basi nikaenda dukani nikanunua vijiti vya kuchokolea meno pakiti mbili, nikijua vinapachikwa ndani ili kitambaa kisimame. Nimekuja kuelewa baadaye sana kwamba Stb, kifupi cha hiyo Stäbchen, ni ule mshono mrefu tu, wa kuzungusha uzi mara moja kabla ya kuchoma, fM ni mfupi, na Lm ni mnyororo. Vijiti tulichokolea meno, tukala navyo migebuka. Wajerumani walitufikishia reli hapa mwaka 1914, kamusi wakaisahau Tabora. Nanyi tiririkeni.

Mwisho_wa_Reli: Uzi kuhusu uzi. Naweka kambi.

Mnyamwezi_wa_Isevya: Tabora hatujaona kamusi yoyote, msituingize. Ila umenitonesha kidonda.

Mimi nilifundishwa kroshia na mtawa, na yule mama kila kitu alikisema kwa Kiingereza cha Uingereza. Kwake dc ni mshono mfupi na tr ni mrefu, basi, imekaa hivyo kichwani kama sala. Nikapata oda ya vitambaa vya makochi, seti nzima, harusi ipo Ijumaa ya pili. Bi harusi mwenyewe ndiye aliyeitoa paterni mtandaoni, akaichapisha stesheneri. Naona dc, dc, dc kila mstari, nikashangilia, kazi nyepesi hii. Nikakimbiza. Cha kwanza kikatoka kifupi, nikasema uzi wake mwembamba. Cha pili, cha tatu, mpaka cha saba. Kila kimoja hakifiki hata nusu ya mgongo wa kochi, halafu kigumu kama jamvi, ukiegemea kinakuchapa alama shingoni.

Kumbe ile ni ya Kimarekani! Mmarekani dc yake ndiyo tr ya Mwingereza. Mfupi yeye anauita sc. Nilifumua vyote saba usiku mmoja, mume wangu anakunja uzi huku anasinzia. Tangu siku hiyo kabla sijashika kroshia natafuta kwanza herufi sc. Nikiiona popote, najua ni ya Mmarekani, maana Mwingereza wa siku hizi hana sc.

Fundi_Gungu: Mtawa alikufundisha sahihi. Mwingereza ndiye mwenye lugha, Mmarekani ndiye aliyeharibu.

Mnyamwezi_wa_Isevya: Sahihi haikunilipa, mkuu. Nafuata ya mwenye paterni.

Fundi_Gungu: Basi mngekuwa mnasema Kiswahili. Mnyororo, mfupi, nusu, mrefu. Nani kawakataza?

Mama_Wawili_Nzega: Namba za unene wa sindano ya kroshia nazo ni balaa jingine. Paterni ya zamani ya Kiingereza ilisema namba 8, nikachukua ya milimita 8. Kumbe namba 8 yao ya kale ni milimita 4! Kofia ya kichanga ikamtosha babu yake, na babu hajaivua mpaka leo.

Chuma_cha_Pua: Samahani, kuna wanaume humu kwenye uzi wa vitambaa??

Fundi_Gungu: Nipo. Nenda Kibirizi asubuhi uwakute wanaume wazima wameketi mchangani wanashona nyavu, hakuna anayewauliza. Tofauti yangu na wao ni tundu tu.

Binti_wa_Ujiji: Nilitaka kukaa kimya lakini hapana. Kaeni vizuri.

Kuna dada alivuka kutoka Burundi kuja kuuza vitenge, akawa na karatasi ya shali ya mtoto ya Kifaransa. Fotokopi ya fotokopi. Nikaipenda, akanipa. Mteja wangu, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anabatiza mjukuu. Akaitazama karatasi, akasema "nifumie kama hii hii", akatoa advansi. Tumeelewana? KAMA HII HII. Kumbukeni hilo neno.

Karatasi inaanza: ml 120. Nikajua mililita. Za nini sasa? Nikafikiri weee, nikakumbuka vitambaa vya bibi vilikuwa vinatiwa wanga ili vikae wima. Basi Wafaransa watakuwa wanautia wanga uzi kabla. Nikachuja uji wa muhogo mwembamba, nikaupima kwa chupa ya dawa ya kikohozi, ya mililita 60, mara mbili. Nikaloweka, nikaanika. Uzi ukakauka kama waya wa kufungia kuku. Vidole vikatoka damu, nikavumilia, ufundi wa Ulaya huo.

Halafu chini yake: Rang 1. Rang 2. Rang 3. Mpaka Rang 38.

Wenzangu, ningejuaje? Rang! Nikasoma rangi. Rangi ya 1, rangi ya 2. Na picha ni fotokopi, nyeusi na nyeupe, haisemi kitu. Mishono nilikuwa naikisia kwa kuitazama picha, ila rangi nilitaka nisikosee hata moja. Soko la Mwanga lote nikapata kumi na moja. Nikaagiza Kasulu kwa mtu wa Noah, nikapata sita. Za kuongezea nikafumua sweta la mwanangu la shule. Nilikuwa na daftari kabisa, mstari huu kijani cha mgomba, huu njano ya mawese, nisije nikarudia mbili zikafuatana.

Narudi, maharage yanaungua.

Mwisho_wa_Reli: HAPANA. Maharage yaungue!

Mama_Mwanga: Sweta la shule jamani 😂😂 nalia hapa dukani wateja wananiangalia.

Kasulu_Kwetu: Wakati tunamsubiri: Kifaransa simu inakipotosha vibaya. Mimi iliniandikia "ruka 2, bibi harusi 3 kwenye tao moja". Nikajua ni pambo la harusi. Kumbe bride yao ndiyo mshono mrefu, simu ikadhani nimeandika Kiingereza. Na tour, yaani mzunguko, ikaniletea "ziara". Ziara ya kwanza, bibi harusi 12. Huku kwetu Warundi hawakosekani, mpelekee mmoja karatasi akusomee, simu weka pembeni.

Daktari_wa_Nyuzi: Acheni lugha zote. Tafuteni michoro, Wajapani ndio wenyewe. Kiyai kidogo ni mnyororo, msalaba ni mfupi, T tupu ni nusu mrefu, T yenye kistari kimoja cha kukatisha ni mrefu. Vistari viwili, unazungusha uzi mara mbili. Shali nzima kwenye ukurasa mmoja bila kusoma neno.

Mama_Wawili_Nzega: Mchoro wa mzunguko unafuatwa kinyume na saa. Mimi natumia kushoto, nageuza kila kitu kichwani mpaka kinauma. Video, nazima sauti, naangalia mikono.

Daktari_wa_Nyuzi: Video inakula bando.

Mama_Wawili_Nzega: Na mchoro unakula macho.

Mnyamwezi_wa_Isevya: Niongeze moja tu kabla Binti hajarudi, inafanya kazi lugha yoyote. Angalia mnyororo wa kupandia mwanzoni mwa mstari. Ukiambiwa 1, mara nyingi mshono unaofuata ni mfupi. 2, nusu. 3, mrefu. Ningeliangalia hilo, vile vitambaa saba visingenilaza macho. Dc ileile, lakini kila mstari ulikuwa unaanza na minyororo mitatu, mimi nikaona ni mapambo.

Binti_wa_Ujiji: Nimerudi. Yameungua.

Jumamosi jioni nikaipeleka, nimeikunja kwenye kanga mpya. Ukumbi umejaa shangazi. Mama akaifungua. Kimya. Nasikia friji tu. Akasema taratibu, "Mwanangu, hii ni bendera ya nchi gani?" Nikatoa karatasi, mama ulisema kama hii hii. Yeye anasema kwenye karatasi ni nyeupe! Nami nasema kwenye karatasi kila kitu ni cheupe, hata sura ya mtoto!

Sasa kulikuwa na mkwe wao ametoka Bujumbura. Akaiomba ile karatasi, akaisoma, akaketi chini sakafuni. Anacheka mpaka anashika mbavu. "Dada, rang ni mstari. Mstari wa 1, mstari wa 2." Na ml? Maille en l'air, akasema, mnyororo. Minyororo 120. Wale shangazi wote wakaanza kuigusa shali, mmoja akauliza mbona inakwaruza, ikabidi nieleze na habari ya uji.

Mwisho_wa_Reli: Na habari ya uji 😭😭😭

Fundi_Gungu: Mwenye kosa ni mteja. Hakutaja rangi.

Kasulu_Kwetu: Ubatizo, mkuu. Nani anabatiza mtoto na kijani cha mgomba? Fundi anauliza kwanza.

Fundi_Gungu: Kwa hiyo fundi awe na kipaji cha kuota?

Chuma_cha_Pua: Mteja yuko sahihi.

Fundi_Gungu: Wewe si ulisema wanaume hawatakiwi humu?

Mama_Mwanga: Binti, shali iko wapi sasa?

Binti_wa_Ujiji: Inafunika televisheni ya mama mkwe. Kwa ule wanga haitelezi hata kidogo, imesimama yenyewe.

Mnyamwezi_wa_Isevya: Na advansi ulirudisha?

Binti_wa_Ujiji: Mwenye paterni ya soksi kwa Kirusi aniinboksi, nimeona picha yake nzuri sana.

Mnyamwezi_wa_Isevya: Binti. Advansi.