Mrejesho: kombaini kuzama kwenye majaruba ya Doho

Niliuliza jinsi ya kuvuna mpunga kwenye tope hapa Doho, skimu ya mpunga wilayani Butaleja, Uganda, bila kombaini ya magurudumu (mashine ya kuvuna na kupura) kuzama. Asanteni sana, ndugu zangu. Ushauri umefanya kazi.

Kubwa kuliko yote ni maji: fungeni mfereji na kukausha jaruba siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna. Mvua ikirudi, subirini. Kisigino kikididimia, mashine ya tani kadhaa itazama tu.

La pili ni tangi la mpunga la kombaini. Lita 2,000 za mpunga zinapita tani moja, na uzito mwingi hubebwa na ekseli ya mbele. Likifika nusu, mwageni. Msikate kona kali topeni. Gurudumu linachimba shimo lake lenyewe.

Ikizama, zimeni, mwageni mpunga, chimbeni mbele ya magurudumu, kisha vuteni kwenye ndoano za fremu. Kamwe si ekseli ya nyuma, hiyo ni ya usukani tu, inavunjika! Watu wakae mbali na mnyororo.

Umande ukauke kwanza, la sivyo majani mabichi yanajisokota kwenye ngoma ya kupura na punje zinatoka na makapi. Mpunga uanze kuanikwa siku hiyohiyo, hadi unyevu wa asilimia 14.